Je, Ajali Haina Kinga?

Kila tunaposikia ya kuwa ndege ndogo imeanguka, wenzangu hapa shuleni hutikisa vichwa wakasema, "Ajali haina kinga." Mimi sikubali. Methali hiyo yamfaa mtu aliyeangukiwa na tawi njiani, lakini rubani aliyeishiwa petroli angani haimfai hata kidogo. Petroli hupungua kwa kadiri ijulikanayo, saa baada ya saa, na mwenye kujua kugawanya aweza kusema tangu yuko chini itakwisha lini.

Tuchukue Cessna 172, ndege ya watu wanne yenye injini moja. Za siku hizi huwa na lita 200 hivi za kutumika, na injini hunywa kama lita 35 kwa saa. Kinachowaponza wengi ni upepo. Tuseme ndege yaenda kilomita 200 kwa saa, na safari ni kilomita 300: saa moja na nusu kwenda, na vivyo hivyo kurudi. Sasa uvume upepo wa mbele wa kilomita 50 kwa saa. Kwenda kutachukua saa mbili kamili. Wengine hudhani ya kuwa wakati wa kurudi upepo utawalipa deni lote. Sivyo! Kurudi ni saa moja na dakika 12. Dakika 12 zimepotea, na lita 7 pamoja nazo. Nilipoifanya hesabu hii ubaoni, wenzangu wawili hawakuamini mpaka walipoirudia wenyewe. Sheria ya Marekani yaamuru rubani arukaye mchana kwa kutazama nje awe na akiba ya dakika 30, na wa usiku dakika 45, akiisha kuhesabu na upepo.

Huko huko Marekani alikuwako John Denver, mwimbaji ambaye nyimbo zake zajulikana hata huku kwetu. Tarehe 12 Oktoba 1997 alianguka baharini karibu na Pacific Grove, California, akafa, naye ana miaka 53. Hakuwa mwanagenzi, alikwisha ruka saa zaidi ya 2,000. Ndege yake, Long-EZ, ilijengwa na mtu mwingine kwa mikono yake, na Denver alikuwa ameipokea karibuni tu. Kishikio cha kubadili tangi kiliwekwa nyuma ya bega la kushoto la rubani, nacho kilikuwa kigumu kugeuka. Kabla ya kuruka alikataa kuongeza petroli, maana alikusudia kuruka kama saa moja tu. Wachunguzi walieleza ya kuwa alipogeuka kukitafuta kishikio kile, mguu wake ulikanyaga pedali ya kulia pasipo kukusudia, ndege ikamshinda.

Mtasema kosa ni la mjenzi. Kukiweka kishikio pale lilikuwa jambo baya kweli, wala silitetei. Lakini tangi zote mbili zikiwa zimejaa, mtu hana haja ya kukipapasa akiwa chini chini juu ya maji.

Habari hii yatuhusu sisi pia. Hapa Uganda, na kwa jirani zetu wa Congo, ndege ndogo huchukua wagonjwa, waganga na dawa. Viwanja vingi vya majani havina petroli hata debe moja, kwa hiyo rubani yampasa kuchukua ya kwenda na ya kurudi. Nayo ina uzito: lita 100 ni kilo 72 hivi, yaani mtu mzima mmoja. Basi ndugu wa mgonjwa akiomba naye apande, pengine rubani humkatalia, na kiti ki wazi. Watu hunung'unika ati ana roho ngumu, na baadhi ya wenzangu wamo. Mimi naona wanamwonea. Kama yuko atakayenijibu katika toleo lijalo, na aje na hesabu yake.