Nani Kasema Bibi Hakuwa Mwanasayansi?

Mwaka juzi nilialikwa katika shule moja ya sekondari huku kwetu Nachingwea, siku ya maonyesho ya sayansi. Ukutani walikuwa wamebandika picha za wanawake wanasayansi, Marie Curie juu kabisa, na chini yake Wazungu wengine watano. Sina ugomvi na Marie Curie. Tuzo mbili za Nobel si mchezo. Lakini kutoka Nachingwea mpaka Ruangwa hakupatikana hata mmoja wa kubandikwa. Nikauliza kulikoni. Nikajibiwa kwa upole kwamba huku kwetu wanawake walikuwa wakulima tu.

Hiyo "tu" ndiyo inayonikera.

Tuchukue muhogo mchungu. Una sumu ya sayanaidi, na usipoandaliwa vizuri huua au hupoozesha miguu. Bibi yangu, Mmwera wa Ruangwa, aliujua muhogo wa kutafunwa mbichi na ule wa kulowekwa. Alijua kwamba wakati wa baridi siku za kuloweka huongezwa. Kipimo chake kilikuwa kidole na pua: ukilainika na kuchachuka sawasawa, anautoa na kuuanika. Wataalamu wa maabara wamekwisha kutueleza sababu, kwamba muhogo unapolainika, kimeng'enya kilichomo ndani yake huivunja ile sumu ikatoka. Maelezo ni yao, lakini njia waliikuta jikoni. Wala si jambo dogo. Mwaka 1981, ng'ambo ya Ruvuma katika jimbo la Nampula, ukame uliwaachia watu muhogo mchungu peke yake, njaa ikawalazimu kufupisha uandaaji, na zaidi ya watu 1,000 wakapooza miguu, wengi wao wanawake na watoto. Mwaka 1985 yakatokea kama hayo Tarime. Mimi natembea kwa sababu kuna mtu hakufupisha.

Sasa karanga. Mwaka 1946 Serikali ya Uingereza ilituma wanaume watatu wakiongozwa na John Wakefield. Walizunguka Afrika Mashariki kwa wiki tisa, wakashauri zilimwe ekari zaidi ya milioni 3, sehemu kubwa katika Jimbo letu la Kusini. Yakaja matrekta, ikaja bandari ya Mtwara, ikaja reli mpaka Nachingwea. Januari 1951 mradi ukafutwa, na pauni kama milioni 36 zimekwisha teketea. Kule Kongwa udongo ulikauka ukawa kama saruji, karanga zikang'ang'ania ardhini. Mwanamke yeyote aliyewahi kung'oa karanga jua limeshapiga angewaonya bure, bila kudai posho. Hao watatu vitabuni wanaitwa wataalamu mpaka leo. Bibi, aliyechagua mbegu kila msimu na kuitunza ndani ya maganda yake mpaka siku ya kupanda ili isipoteze uhai, anaitwa mkulima tu.

Najua nitaambiwa sayansi ni majaribio na maandishi. Majaribio yalikuwepo, aliyekosea kuloweka aliyaona matokeo nyumbani mwake. Maandishi hayakuwepo, nakubali, na ndiyo maana majina yao yamepotea. Wala sisemi kila bibi alikuwa mgunduzi. Wengine walirudia tu walichofundishwa, kama wafanyavyo wengi wenye shahada.

Mwalimu yule, kwa wema wake, aliniahidi kumbandika bibi yangu nikileta picha. Picha sina, alikufa mwaka 1974 bila kupigwa hata moja. Nikampelekea ungo wake, ule aliopepetea mbegu. Mwezi uliofuata nilipita kuutazama. Ukuta wa sayansi ulikuwa vilevile. Ungo niliukuta chumba cha pili, umening'inizwa kati ya ngoma na kinyago, na kibandiko chini yake: "Vyombo vya asili."