Hofu haikuletwa na magazeti

Leo nina hasira.

Juzi kijiweni Tandika jamaa mmoja kanikomalia eti sisi waandishi ndio tuliowavuruga akili wanafunzi wa vyuo wakati wa korona. Eti habari zilizidi!

Habari zipi? (Mwaka 2020 mimi mwenyewe nilikuwa mwanafunzi, mwandishi bado.) Vyuo vilipofungwa Machi nilirudi nyumbani Mbagala na begi moja. Mwanzoni takwimu tulipewa. Nakubali, picha za majeneza ya Italia zilirudiwa mno. Lakini mwanzoni mwa Mei hesabu ikagota: wagonjwa 509, vifo 21. Ikabaki hapo hapo zaidi ya mwaka mzima. Julai 2020 zikaja kanuni za maudhui mtandaoni, kuandika habari za mlipuko wa ugonjwa bila idhini ya serikali likawa kosa.

Juni 1 tulirudi chuoni. Chumba kimoja watu sita. Mmoja akikohoa usiku, watano tuko macho, hakuna anayeuliza. Ungeuliza nini, wakati ugonjwa tumeambiwa umeisha? Kilichobaki ni sauti za WhatsApp, mtu usiyemjua analia kwamba wodi zimejaa. Kweli? Uongo? Hakuna gazeti la kukuthibitishia. Nilifika mahali nahesabu vikohozi badala ya kusoma. Mitihani ile sitaki hata kuikumbuka.

Halafu Februari 2021 misiba ikafuatana. Maalim Seif, ambaye chama chake chenyewe kilishasema ana korona, akafariki tarehe 17. Kwingine ilikuwa "changamoto ya upumuaji" tu. Mwanafunzi aliyezika mzazi kwa jina hilo alienda kumweleza nani?

Wanaosema habari zinatia hofu wanaficha kitu kimoja: kijana wa miaka 21 mwenye simu hawezi kuachwa bila habari. Ukimnyima ya kweli ataokota yoyote.

Na hatujajifunza. Januari 14, 2025 Shirika la Afya Duniani likatoa taarifa ya Marburg Kagera. Wizara ikasema vipimo havikuonesha kitu. Januari 20 Rais Samia akathibitisha mgonjwa mmoja, Biharamulo. Siku sita hizo mdogo wangu, yuko mwaka wa kwanza, alinipigia mara mbili usiku wa manane: "Kaka, wewe si mwandishi? Ukweli ni upi?"

Nikamsomea taarifa ya wizara. Akakata simu.