Beberu Kwenye Glasi

Nyinyi mnaoonja bia mkifumba macho na kusema "nasikia chokoleti", tulieni kidogo. Nawajua, nilikuwa mmoja wenu. Kabla sijaacha chuo nilijua majina ya bia kuliko masomo yangu.

Desemba rafiki alirudi kutoka Ujerumani na chupa moja ya bock nyeusi. Nikaipeleka nyumbani Kianjokoma, tukaifungua jikoni na anko. Asili ya bia hii ni mji wa Einbeck. Watu wa Munich walilitamka jina hilo kwa lafudhi yao hadi likawa "ein Bock", yaani beberu mmoja, ndiyo maana lebo nyingi zina mbuzi. (Kiswahili humwita mbuzi huyo na mkoloni kwa neno moja. Sina la kuongeza.) Weusi wake hautokani na ukali, vile watu wa baa hudhani. Unatokana na shayiri iliyooteshwa kisha ikakaushwa kwa joto kali. Kilevi ni kama asilimia 6 au 7, na Tusker ni 4.2.

Lebo ilisema chokoleti, karameli, kahawa. Anko akanusa, akaonja, akakaa kimya.

"Huu ni ukoko," akasema. "Ukoko wa ugali, ukiutoa kabla haujaungua. Halafu sukari nguru."

"Na kahawa je?"

Akacheka. Ana kahawa shambani tangu sijazaliwa, anaipeleka fakitori, halafu anakunywa chai. "Kwani kahawa iko na ladha gani?"

Nimeonja tena baada yake na ni kweli, ni ukoko. Mwanzo ni mzuri sana. Mwisho utamu unakawia kwenye ulimi, na glasi ya pili ingenichosha. Pia haitaki barafu. Ile "moto" ya wazee mnayoicheka mkija ushago, ile chupa isiyoingia friji, iko karibu zaidi na inavyofaa kunywewa bock. Mkiigandisha hamtasikia kitu.

Mtaniambia kuonja ni mambo ya Westlands, kijijini watu wanakunywa walewe. Sawa. Mei 2014 pombe yenye methanoli iliua makumi ya watu katika kaunti kadhaa, na Embu iliumia vibaya. Nilikuwa mtoto, nakumbuka matanga. Ulimi haungewaokoa, methanoli haijitambulishi mdomoni. Lakini waliouza sumu ile walijua jambo moja kuhusu wateja wao: hakuna atakayeuliza ina ladha gani. Wataulizia bei, na kama inashika haraka. Biashara nzima ilisimama juu ya maswali hayo mawili.

Na nyinyi wa chokoleti mmechangia. Mmefanya kuonja kuwe kazi ya mwenye pasipoti. Mzee anayeweza kukwambia kama muratina imetiwa asali au sukari ya duka mnamwita mlevi, halafu mnalipia mtu wa Nairobi awasomee lebo kwa sauti. Ni nani hapo hajui pombe?

Anko alimaliza glasi polepole, jambo ambalo sijawahi kumwona akifanya. Akageuza chupa, akamtazama yule mbuzi.

"Ni pesa ngapi hii?"

Nikamwambia. Akaiweka chini kwa mikono miwili.

"Basi tuchinje wa kweli."