Simu ya Nyumbani Iwe Chombo cha Malezi

Hapana shaka kwamba wazazi wengi hapa Uganda wamekwisha kumwona mtoto akiinamia simu kwa saa nzima bila kuinua kichwa. Baadhi yao hukasirika, wakaitwaa simu na kuifungia kabatini. Wengine hufurahi kwa kuwa nyumba imetulia, wala hawaulizi mtoto anatazama nini. Kwa maoni yetu, njia zote mbili ni pungufu. Anayekataza bila kutoa badala yake hajalea, na anayeachia bila kuchungua hajalea vile vile.

Jambo hili si dogo. Kuanzia Machi 2020 hadi Januari 2022 shule zetu zilifungwa, kwa ukamilifu au kwa sehemu, kwa sababu ya ugonjwa wa korona, muda uliotajwa kuwa mrefu kuliko wa nchi yoyote duniani. Katika kipindi hicho tulijifunza kwamba nyumba isiyo na kitabu wala mpango wa masomo humwacha mtoto mikononi mwa mitaa. Aliyekuwa na simu alikuwa na maktaba mfukoni, lakini wengi wetu hatukujua mlango wake uko wapi. Ndiyo maana leo tunawataja wasomaji wetu baadhi ya tovuti ambazo baba, mama na watoto wanaweza kuzifungua pamoja bila kuona haya, na wakafaidika.

Ya kwanza ni African Storybook, iliyozinduliwa mwaka 2014 na shirika la Saide la Afrika Kusini. Uganda ilikuwa miongoni mwa nchi za mwanzo kuijaribu. Humo mna hadithi fupi zenye picha, katika Kiswahili, Luganda, Lugbara na lugha nyingine nyingi za bara letu. Kuzisoma ni bure. Waweza kuzipakua na kuzichapisha. Zaidi ya hayo, mwalimu au mzazi anaruhusiwa kutunga hadithi yake au kuifasiri iliyomo.

Ya pili ni ya Ubongo, shirika la jirani zetu wa Tanzania, ambalo katuni zake za Ubongo Kids zilianza kuonyeshwa mwaka 2014. Hufundisha hesabu na sayansi kwa nyimbo na visa vya kuchekesha, katika Kiswahili safi. Tukumbuke kwamba Julai 2022 Baraza la Mawaziri lilikiidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi ya nchi yetu. Lugha haijengwi kwa tamko peke yake. Hujengwa na mtoto anayeifurahia.

Kwa watoto wakubwa ipo Khan Academy. Mwanzilishi wake, Salman Khan wa Marekani, alianza mwaka 2004 kwa kumfundisha binamu yake hisabati kutoka mbali. Leo masomo yake hutolewa bure, nayo humruhusu mwanafunzi kurudia somo mara apendavyo bila kuchekwa na wenzake. Ipo pia Wikipedia ya Kiswahili, iliyoanza mwaka 2003 na yenye makala zaidi ya 70,000. Kwa kuwa huandikwa na watu wa kujitolea, mtoto afundishwe kulinganisha anayoyasoma humo na vitabu vingine. Kufanya hivyo nako ni elimu.

Mwisho tunaitaja Zooniverse, ambako mtu yeyote husaidia kazi ya wanasayansi. Mwaka 2012 tovuti hiyo ilifungua mradi wa picha zilizopigwa na kamera 225 zilizotegwa katika mbuga ya Serengeti. Maelfu ya watu wa kawaida wakatambua nyumbu, simba na fisi waliokuwamo. Mtoto anayeona kwamba jicho lake linahitajika katika kazi ya kweli hatapenda kulipotezea mambo ya upuuzi.

Twajua wasomaji watauliza juu ya gharama. Intaneti si ya bure, na tangu Julai 2021 imetozwa ushuru wa asilimia 12, ingawa sheria ilisamehe huduma za elimu na afya. Lakini zipo njia za kubana matumizi. Hadithi moja ikipakuliwa mara moja husomwa mara mia. Aidha, ipo programu ya Kolibri, ambayo huhifadhi masomo mengi, yakiwemo ya Khan Academy, katika kompyuta moja, na vyombo vilivyo karibu vikayasoma bila intaneti. Kompyuta moja ya shule, ya kanisa, ya msikiti au ya kambi yaweza kuhudumia watoto wa mtaa mzima.

Sisi tulio jeshini tunalijua jambo hili kwa karibu. Watoto wa askari huhama shule kila mzazi ahamishwapo, na tangu Machi 2007, majeshi yetu yalipokwenda Somalia, wengi wamekua huku baba au mama yuko mbali. Mzazi aliye mbali hawezi kukagua daftari. Lakini aweza kusoma hadithi ile ile anayoisoma mwanawe, kisha akampigia simu na kumwuliza sungura alitorokaje. Mazungumzo ya dakika tano kama hayo humjulisha mtoto kwamba hajasahauliwa.

Kwa hiyo tunatoa wito kwa kila familia kutenga walau nusu saa kila jioni, simu iwekwe mezani mbele ya wote, na mzazi aketi hapo hapo. Walimu wakuu na wakuu wa makambi nao wafungue kompyuta zao kwa watoto siku za mapumziko. Na wale wenye kipaji cha kutunga, waziandike hadithi za wazee wetu kabla wazee hao hawajatutoka. Wahenga walisema, mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Simu imekwisha ingia nyumbani. Iliyobaki ni kazi yetu wazazi.