Mhandisi wa Umeme Arudipo Kazini

Ndugu wanachama, liko neno litembealo katika maofisi yetu, nalo ni hili: mtu akiiacha kazi ya uhandisi wa umeme kwa miaka minane au kumi, elimu yake imekwisha kuoza, hafai kurudishwa. Sisi hatulikubali neno hili. Tena twaona yatupasa kulijibu sisi wenyewe, maana ndio tupokeao barua za waombaji, ndio tufunguao mafaili, na ndio tuandikao pembeni yale maneno machache ambayo mkubwa huyasoma kabla ya kuisoma barua yenyewe.

Kwanza tuangalie watu hawa huondokaje. Huku kwetu Tumati, na Mbulu yote kwa jumla, mtu hasomi kwa nguvu zake peke yake. Ng'ombe wameuzwa, shangazi wamechanga, ndugu wadogo wamekaa nyumbani ili yeye afike Chuo Kikuu. Siku baba apoozapo, ukoo mzima humgeukia yule aliyesomeshwa, wala hapana amwulizaye kama mitambo yaweza kumngoja. Wengine ni akina mama. Sheria yawapa siku 84 za likizo ya uzazi, au 100 wakizaa zaidi ya mtoto mmoja kwa mara moja; walakini mtoto mgonjwa haijui hesabu hiyo. Watu hawa hawakuondoka kwa uvivu. Jina la uvivu wamebandikwa na wale waliobaki.

Hapa ndipo penye jambo lituhusulo sisi makarani kuliko watu wengine wote, yaani karatasi. Kanuni za utumishi wa umma zahesabu kuwa ni kosa mtumishi kutoonekana kazini zaidi ya siku tano bila ruhusa wala sababu ya haki, na adhabu yake yaweza kuwa kufukuzwa. Lakini Serikali hiyo hiyo inayo likizo bila malipo. Basi tuseme wahandisi wawili wameondoka siku moja kwenda kuuguza wazazi wao. Mmoja ameandika barua akajibiwa, wa pili amempigia simu mkubwa wake, naye akamwambia, "Nenda tu, tutaelewana." Ikipita miaka miwili, wa kwanza ni mtumishi aliye likizoni, na wa pili ni mtoro. Elimu yao ni moja, na shida iliyowaondoa ni moja. Yule mkubwa aliyesema wataelewana amekwisha kuhamishwa, na karani mgeni hana la kusoma ila lile lililomo failini. Kwa hiyo twawasihi wenzetu: mtumishi akija mezani na habari za ugonjwa wa nyumbani, mpeni karatasi na kalamu, pole na ifuate baadaye.

Kisha iko hesabu ya umri. Matangazo ya Sekretarieti ya Ajira yamezoea kudai kwamba mwombaji asizidi miaka 45, isipokuwa wale walio kazini Serikalini. Twaelewa kwamba Serikali hupenda kuajiri mtu atakayetumika muda mrefu. Lakini kustaafu kwa lazima ni miaka 60. Basi mhandisi mwenye miaka 46 anayo 14 ya kutumika, nayo si michache. Huyu amekwisha kufundishwa kwa gharama ya nchi. Kumwacha nje kwa ajili ya mwaka mmoja, kisha kulia kwamba wataalamu hawatoshi, ni hesabu ambayo karani wa daraja la mwisho asingethubutu kuitia sahihi.

Kuwafungia mlango watu waliokwisha kujifunza si jambo letu peke yetu. Uingereza, vita vya kwanza vya dunia vilipokwisha, wanawake waliokuwa wamejifunza kazi za mitambo viwandani waliondolewa ili desturi za zamani zirudi. Ndipo baadhi yao walipounda chama cha wanawake wahandisi, tarehe 23 Juni 1919, katibu wake akiwa Caroline Haslett. Bibi huyu (na tulisikie hili sisi wa kalamu na wino) aliingia kazini akiwa karani katika kampuni ya kutengeneza boila. Baadaye alikuwa mjumbe wa kamati iliyokaa wakati wa vita vya pili kutazama umeme wa majumbani, na katika kazi ya kamati ile ndimo ilimotoka plagi ya miguu mitatu bapa, ile ile tuichomekayo ukutani hata leo. Yafaa tuikumbuke plagi hiyo tusikiapo kwamba waliotolewa kazini hawana tena cha kuleta.

Walakini tusiwadhulumu wanaotupinga, maana wanayo hoja moja yenye uzito. Umeme si faili. Karani akikosea tarakimu hufuta akaandika tena. Fundi wa umeme akikosea waya huenda asipate nafasi ya pili. Tuchukue rangi za nyaya tu. Kwa desturi ya zamani ya Kiingereza, iliyotumika huku kwetu, nyaya tatu za moto zilikuwa nyekundu, njano na buluu, na nyutro ilikuwa nyeusi. Waingereza walianza kuibadili desturi hiyo mwaka 2004, na toka 2006 wakailazimisha mpya: nyaya za moto ni kahawia, nyeusi na kijivu, na nyutro ni buluu. Tazameni hatari yake. Rangi nyeusi iliyokuwa salama imekuwa ya moto, na buluu iliyokuwa ya moto imekuwa nyutro. Na katika majengo yetu desturi zote mbili zaweza kukutana. Mtu aliyekaa mbali miaka mingi, akifuata mazoea ya mkono wake pasipo kupima kwanza, atajiua au atamwua msaidizi wake.

Tena ukubwa wa mambo umebadilika. Mitambo minne ya Kidatu, iliyoanza kazi mwaka 1975 na kuongezwa mwaka 1980, yatoa megawati 204 yote pamoja. Katika bwawa la Julius Nyerere mtambo mmoja peke yake watoa 235, nayo iko tisa, jumla megawati 2,115. Wa kwanza uliingizwa katika gridi ya taifa mwaka 2024. Karibu nasi hapa, njia iliyopita Babati toka Singida kwenda Arusha ilikuwa ya msongo wa kilovolti 220. Sasa iko na ya kilovolti 400 ifikayo Namanga hata Kenya. Vifaa vya kulinda njia hizo, vilivyokuwa vya sahani na springi, leo ni vya kompyuta.

Haya yote ni kweli, lakini ni mambo ya kujifunza kwa miezi, si ya kuanza maisha upya. Kanuni ya Ohm ya mwaka 1827 haikubadilika mhandisi alipokuwa akimlisha baba yake uji. Transfoma iliyo juu ya nguzo kijijini hufanya kazi kwa kanuni aliyoivumbua Faraday mwaka 1831.

Basi twashauri hivi. Mhandisi arudiye asipewe madaraka siku ya kwanza, wala asirudishwe chini pamoja na vijana waliotoka chuoni jana. Awekwe miezi sita hata mwaka mmoja chini ya mhandisi aliyesajiliwa, aandike kazi zake kila siku katika kitabu, kisha ajaribiwe kwa mikono na kwa maandishi. Bodi ya Usajili wa Wahandisi, iliyoundwa kwa Sheria Na. 15 ya mwaka 1997, inayo mpango kama huo wa miaka mitatu kwa wahitimu wapya. Kuufupisha kwa ajili ya warudio si kazi kubwa. Akishindwa katika jaribio, hapo ndipo aambiwe hafai, nasi hatutamtetea.

Twaomba matawi yalijadili jambo hili, hasa lile sharti la miaka 45, na makatibu watuletee majibu kwa maandishi. Na kwa wale walio nyumbani sasa hivi wakiuguza au wakilea: lipeni ada ya Bodi kila mwaka ili majina yenu yabaki daftarini, na nakala ya barua ya ruhusa msiiache ofisini peke yake, kaeni nayo wenyewe.