Bunduki si Muarobaini

Kila msimu wa mavuno unapokaribia katika vijiji vya kusini mwa Tanzania, kuanzia bonde la Rufiji hadi Lindi na Ruvuma, hoja ile ile huzuka barazani na mikutanoni: mkulima akiruhusiwa kuwa na bunduki moja tu, iwe ipi? Wanaoulizwa ni mwalimu na mtumishi wa serikali, kwa kuwa hao ndio wanaosaidia kuandika maombi ya leseni na kuketi katika kamati. Jibu linalotolewa mara nyingi ni la mkato: itafutwe bunduki itakayowinda, itakayomnusuru mtu porini, na itakayomlinda nyumbani usiku. Yaani utafutwe muarobaini wa chuma. Fikra hiyo ni potofu, na wenye dhamana ya kuelimisha umma hawana budi kuikanusha badala ya kuikariri.

Watetezi wa fikra hii wamegawanyika katika kambi mbili. Kambi ya kwanza inadai kwamba gobore linatosha, kwa kuwa ni silaha ya mababu. Madai haya yanasahau historia. Gobore halikubaki mikononi mwa Mwafrika kwa hiari yake. Tarehe 2 Julai 1890 wakoloni walitia sahihi Mkataba wa Brussels ambao, pamoja na kupiga vita biashara ya watumwa, ulizuia kuingizwa kwa bunduki za kisasa katika eneo la Afrika lililo kati ya latitudo 20 kaskazini na 22 kusini. Zilizoachiwa mlango ni bunduki za gumegume na baruti ya kawaida. Matokeo yake yalionekana katika Vita vya Maji Maji, 1905 hadi 1907, wapiganaji walipokabili bunduki za rashasha za Wajerumani kwa mikuki na magobore. Silaha aliyoachiwa mnyonge kwa sababu haimtishi mtawala haiwezi leo kuitwa urithi wa kujivunia.

Hata historia ikiwekwa kando, utendaji wa gobore unajihukumu wenyewe. Baruti humiminwa mdomoni mwa mtutu, ikashindiliwa kwa mti pamoja na tambara na vipande vya chuma, kisha fataki ikapachikwa. Likishalia mara moja, mwenyewe hubaki na gongo mkononi mpaka aianze kazi hiyo upya. Baruti ikipata umande, halilii kabisa. Mtutu uliofuliwa kutokana na bomba la maji waweza kupasuka usoni mwa mpigaji. Swala aliyekoswa hukimbia. Nyati aliyejeruhiwa hurudi.

Kambi ya pili ni ya wenye kasumba ya hadithi za wawindaji wa Kizungu. Hawa husifu raifo ya .375, ambayo kampuni ya Holland & Holland ya London iliitoa mwaka 1912 na ambayo tangu hapo imetajwa kuwa ndiyo raifo moja inayotosha Afrika nzima. Sifa hiyo inamfaa mgeni anayekuja na vibali, gari na mwongozaji, akapiga swala asubuhi na nyati jioni, kisha akarudi kwao. Mkulima hana safari ya namna hiyo. Risasi ya raifo ikikosa shabaha huweza kwenda kilometa kadhaa, na shambani usiku, ambako dungu la jirani liko hatua mia mbili tu, haichagui imkute nani. Isitoshe, Mskochi W. D. M. Bell, aliyeua tembo zaidi ya 1,000 mwanzoni mwa karne ya 20, wengi wao aliwaua kwa raifo ndogo ya milimita 7. Kilichoua ni ujuzi wa mahali pa kulenga, si ukubwa wa chuma.

Je, hatari yenyewe ikoje? Watafiti walichapisha mwaka 2005 kwamba tangu mwaka 1990 simba walikuwa wameua watu zaidi ya 563 nchini Tanzania na kujeruhi wasiopungua 308. Mashambulizi yalizidi wakati wa mavuno, watu walipolala mashambani kulinda mazao yao dhidi ya nguruwe mwitu. Mkulima alikwenda dunguni kumfukuza nguruwe. Simba akamfuata nguruwe huyo huyo, akamkuta mtu. Ni dhahiri basi kwamba adui wa kwanza ni nguruwe. Na hapa ndipo neno "kujinusuru" linapopata maana yake halisi. Mkulima hanusuriki kwa nyama ya porini, ambayo bila kibali ni ujangili; hunusurika kwa ghala lililojaa.

Kwa kazi hiyo moja, bunduki inayofaa ni shotigani ya namba 12, jina litokanalo na hesabu ya kale: mtutu wenye upana wa risasi ya duara ambayo 12 zake hufanya ratili moja. Marisau yake makubwa humwangusha nguruwe kwa masafa ya hatua thelathini hivi, na huishiwa nguvu mapema kuliko risasi ya raifo. Lakini hata hiyo si muarobaini. Haifai kwa tembo, wala si ya kumtuma mkulima amwandame simba mla watu. Hiyo ni kazi ya askari wa wanyamapori wa serikali, na mwananchi ana haki ya kudai wafike kabla ya mazishi ya pili. Aidha, isiwe ya mtu na nyumba yake, bali ya kijiji, chini ya leseni, mikononi mwa askari wa kijiji aliyefunzwa, na kila risasi iandikwe daftarini.

Na ulinzi wa nyumbani? Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Sungusungu wa Usukuma na Unyamwezi walipambana na wezi wa ng'ombe kwa upinde na mshale. Nguvu yao ilikuwa umoja: ukunga ukipigwa, kijiji kizima hutoka. Na pale baadhi yao walipowahukumu watu bila mahakama, walidhani, kama wanavyodhani waabudu bunduki, kwamba silaha yaweza kushika nafasi ya sheria. Bunduki iliyofichwa chini ya kitanda humngojea mtoto, mlevi au ugomvi wa mume na mke kabla haijamngojea jambazi.

Kwa hiyo mwalimu na mtumishi wanapoletewa ombi, wasianze kwa kuuliza bunduki gani. Waulize kwanza: nguruwe wangapi wameingia mashambani, nani analala dunguni peke yake, na ukunga ukipigwa usiku huu, ni nyumba ngapi zitaitika?