Dumu la Maji Kwenye Buti

Wadau, leo sina habari ya siasa. Leo nina hasira, na hasira zenyewe ni za dumu. Ndiyo, dumu la maji la lita tano, lile lililokuwa la mafuta ya kula, ambalo vijana wengi wenye magari mjini hapa wanatembea nalo kwenye buti. Mimi nimetembea nalo karibu mwaka mzima, tena nikijisifu kwamba ni mtu wa kujipanga. Leo nasema hivi: ukiona dumu kwenye buti ya gari la mbio, ujue mwenye gari kaacha kuuliza maswali.

Mnajua nilichukua mkopo kazini nikanunua gari la Kijapani lenye turbo. La mtumba, la chini, likipita mtaani watoto wanageuka. Kampuni sitaitaja, maana mtakavyoona, shida haikuwa ya kampuni. Ndani ya miezi kumi rejeta ikavuja mara tatu. Mara ya kwanza tanki la plastiki la juu liliweka ufa. Fundi akaniambia, "Bosi, hiyo kawaida, magari ya mbio ndivyo yalivyo." Akapaka gundi, nikalipa. Ilikaa wiki tatu. Mara ya pili tukaenda Gerezani, tukafunga rejeta ya mtumba. Miezi miwili. Mara ya tatu nikanunua mpya, ya boksi, nikamtangazia kila mtu chumba cha habari kwamba tatizo limekwisha. Ikavuja palepale, kwenye maungio ya plastiki na alumini. Ndipo fundi akanishauri: "Bosi, we tembea na maji tu."

Nikatembea na maji.

Desemba tukawa tunampeleka mama Iringa. Ruaha Mbuyuni nikasimama, nikaongeza maji, tukaanza kupanda Kitonga. Waliopita pale wanajua: mlima upande mmoja, korongo upande mwingine, malori mbele, malori nyuma. Katikati ya mlima mvuke ukaanza kutoka chini ya boneti. Nikapata upenyo wa kuegesha. Wakati nakata matawi niyaweke barabarani nyuma ya gari, mdogo wangu wa miaka kumi na saba akachukua dumu, akafungua mfuniko wa rejeta. Alitaka kusaidia tu. Bahati aliwahi kugeuza uso. Mkono wake wa kulia, kutoka kiganjani mpaka kwenye kiwiko, una kovu hadi leo.

Mfuniko ule una onyo. Limeandikwa Kijapani.

Sasa nieleze kile ambacho nilipaswa kukijua kabla ya kununua gari. Maji ya rejeta hayakai kama maji ya sufuria. Mfuniko unayabana kwa shinikizo la karibu mara moja zaidi ya lile la hewa inayotuzunguka, na maji yakibanwa hivyo hayachemki kwa nyuzi 100 bali karibu 120. Ukifungua mfuniko injini ikiwa ya moto unaondoa shinikizo ghafla, na maji yaliyokuwa yametulia yanageuka mvuke papo hapo. Mdogo wangu hakumwagikiwa na maji. Alilipukiwa.

Tukaburuzwa hadi Iringa mjini. Fundi wa kule hakuigusa rejeta kwanza. Alijaza maji, akawasha injini, akaweka juu ya mdomo wa rejeta kichupa chenye kimiminika cha rangi ya bluu. Baada ya dakika chache bluu ikageuka njano. Akasema gesi ya injini inaingia kwenye maji, maana yake gasketi ya silinda hedi imekufa. Halafu akakagua feni. Zilikuwa mbili, moja haizunguki kabisa. Mwisho akaubonyeza mfuniko kwa dole gumba, haukubonyea. Ulikuwa umekwama. Ni mfuniko uleule niliokuwa nauhamisha kutoka rejeta hadi rejeta ili niokoe hela!

Ukiyaunganisha unapata hadithi nzima. Feni moja imekufa, kwa hiyo kwenye foleni gari linapata joto kupita kiasi kila siku. Joto likaua gasketi. Gesi ya silinda, yenye nguvu ya kutisha, ikaanza kusukuma maji. Mfuniko uliopaswa kupumulia hiyo presha umekwama. Presha itoke wapi? Ikatokea sehemu dhaifu kuliko zote, kwenye plastiki ya rejeta. Rejeta zote tatu hazikuwa na kosa. Zilikuwa zinapiga kelele, na mimi nilikuwa nawalipa watu waziziba mdomo.

Kwa hiyo ndugu zangu, kuna maneno manne nimechoka kuyasikia.

La kwanza: "Magari ya mbio ndivyo yalivyo." Hapana. Gari la mbio lina joto jingi, hilo kweli. Kwa makadirio ya kawaida, petroli unayochoma theluthi moja hivi ndiyo inasukuma gari, theluthi inatokea kwenye ekzosi, theluthi nyingine lazima ibebwe na maji. Ukiongeza nguvu umeongeza na joto la kutupa. Bugatti Veyron, iliyoanza kutengenezwa 2005 ikiwa na nguvu ya farasi 1,001, ina rejeta 10. Porsche 911 ilipoozwa kwa hewa tangu 1963, lakini ilipofika mwishoni mwa miaka ya 1990 hata wao wakahamia kwenye maji. Watu wanaofanya hesabu hizo hawakukusudia gari livuje. Walikusudia kila kifaa kifanye kazi yake, feni zote mbili, mfuniko, kila kitu, kwa sababu gari la namna hii halina ziada. Gari la kawaida likipoteza feni moja linaweza kuvumilia. Lenye turbo halivumilii.

La pili: "Maji ni maji." Mdau, onja maji ya visima vingi vya hapa Dar kisha urudi tuzungumze. Chumvi ile inaganda ndani ya vijia vyembamba vya rejeta, halafu inakula alumini. Kulanti siyo urembo wa rangi. Inazuia kutu, inapandisha kiwango cha kuchemka, na inachanganywa na maji yaliyosafishwa, yale ya betri, kwa kawaida nusu kwa nusu. Na rangi isikudanganye, kijani ya kampuni hii siyo lazima iwe sawa na kijani ya kampuni ile. Soma kilichoandikwa kwenye kopo. Ukimaliza lifunge vizuri, kwa sababu kulanti nyingi zina sumu yenye ladha tamu na watoto hawajui.

La tatu: "Toa themostati, huku ni joto." Hili ndilo linaniuma zaidi maana linasemwa kwa kujiamini. Themostati inafunguka maji yakifika nyuzi 80 na kitu. Ukiitoa, injini inachelewa kupata joto lake, inakunywa mafuta, inasagika. Tena kuna injini nyingi ambazo themostati hiyohiyo ndiyo inayofunga njia ya mchepuko. Ukiitoa, sehemu ya maji ya moto inazunguka bila kupita kwenye rejeta, na gari linaweza kuchemsha zaidi ya mwanzo.

La nne ni: "Ziba tu." Hapa naomba niwatetee mafundi wetu kidogo, kwa sababu najua mtakimbilia kuwatukana. Ujuzi wa kuziba rejeta haukuwa ujinga. Rejeta za zamani, za malori na zile Peugeot 504 za baba zetu, zilikuwa za shaba, na shaba unaichomelea kwa risasi inapona kabisa. Rejeta za leo ni alumini katikati na matanki ya plastiki, yamebanwa kwa meno madogo juu ya mpira. Plastiki iliyopata ufa kwa presha haiponi kwa gundi. Fundi anatibu gari la mwaka 1975 wakati mbele yake kuna gari jingine. Hilo ni kosa lake, sawa. Lakini nani alimlipa mara tatu bila kuuliza?

Na hapo ndipo ninapotaka kufika. Mimi ni ripota. Mshahara wangu unatokana na kuuliza "kwa nini". Nimewahi kumuuliza mkurugenzi mbele ya kamera kwa nini barabara iliyokarabatiwa Machi ina mashimo Juni, na nikajiona shujaa. Kumbe kwenye gari langu mwenyewe nilikuwa mkurugenzi yule yule. Nafukia shimo, napiga picha, naondoka.

Najua jibu lenu: hela iko wapi? Jamani, tuhesabu. Gundi, rejeta ya mtumba, rejeta mpya, ufundi mara tatu, kuburuzwa, kisha gasketi na kusawazisha silinda hedi. Feni moja ingeyazuia yote hayo. Kipimo kile cha bluu kilichukua dakika chache. Tunanunua gari kwa hela ya mkopo, tunafunga rimu, tunafunga muziki, tunacheka na yule dada wa Kijapani anayeongea kila ukiwasha swichi, halafu feni "tutaangalia mwisho wa mwezi".

Kwa hiyo rejeta ikivuja mara ya pili, usikubali kulipia rejeta. Dai vitu vinne kabla hela haijatoka mfukoni: mfumo upimwe kwa pampu ya presha, maji yapimwe kama yana gesi, feni zote zionekane zikizunguka, na mfuniko uwe mpya. Fundi akikataa, tafuta mwingine. Na usiitegemee geji, maana maji yakiisha kabisa ile sensa inaweza kubaki kwenye hewa na mshale ukakudanganya mambo ni shwari.

Na mfuniko usifunguliwe injini ikiwa ya moto. Waambie wadogo zenu leo, wala msisubiri safari.

Dumu langu nimemwachia mama, anamwagilia mchicha.